Waongozaji wa Ndege wa Vitani: Mafunzo Yao na Kazi Yao

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika bweni letu kila inapozuka habari ya vita, maneno huwa mengi juu ya marubani na makomando. Mmoja humsifu rubani kwa kuwa apaa juu ya mawingu, na mwingine humsifu askari wa miguu kwa kuwa apambana na adui uso kwa uso. Lakini yuko askari mmoja ambaye sijapata kumsikia akitajwa hata siku moja, naye ndiye anayesimama kati ya hao wawili. Miguu yake iko chini pamoja na askari, na sauti yake iko juu pamoja na marubani. Huyo ndiye mwongozaji wa ndege wa vitani. Nimesoma habari zake kwa muda wa mihula miwili, na nimeona yafaa niwaandikie wenzangu, walimu wetu na wazazi wetu. Sababu yangu si kupenda vita, la. Kazi ya mtu huyu yaonyesha wazi, kuliko kazi nyingine ninayoijua, ya kuwa neno likisemwa sawasawa huokoa watu, na tarakimu moja ikikosewa huwaua.

Majeshi ya nchi nyingi yana watu wa namna hii, lakini mimi nitasimulia habari za wale wa Jeshi la Anga la Marekani, kwa kuwa mambo yao yameandikwa sana. Huvaa bereti nyekundu, na msemo wao wa kikosi maana yake ni kwamba wao ndio wanaofika kwanza. Kazi zao kubwa ni tatu. Ya kwanza ni kutangulia mahali pasipo na uwanja wa ndege, wapapime na kupaweka tayari. Ya pili ni kuziongoza ndege zitue na kuruka bila kugongana. Ya tatu ni kuwaonyesha marubani wa ndege za vita mahali hasa pa kupiga, na mahali pa kutopiga.

ASILI YA KAZI HII

Kazi hii ilizaliwa na msiba. Mwezi wa Julai 1943, katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Marekani na Uingereza yalishambulia kisiwa cha Sicily, huko Italia. Askari wa miavuli wa Marekani walirushwa usiku, na upepo ulikuwa mkali. Wakatawanyika huku na huko, wengine wakaangukia maili nyingi kutoka mahali palipokusudiwa. Usiku wa tarehe 11 likaletwa kundi jingine kwa ndege 144. Ndege hizo zilipopita juu ya wenzao, watu wa mizinga, wa merikebuni na wa nchi kavu, walidhani ni ndege za adui, nao wakazipiga. Ndege 23 ziliangushwa. Aliyefanya hayo kwa sehemu kubwa hakuwa adui. Walio juu na walio chini hawakuwa na njia ya kujuana.

Baada ya hapo walichaguliwa askari wachache wawe watangulizi. Hao waliruka kabla ya kundi kubwa, wakiwa na taa na mitambo ya redio, wakaweka alama ili ndege zijue pa kuwashusha wenzao. Walifanya hivyo Italia mwezi wa Septemba 1943, na tena huko Normandy, Ufaransa, usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944. Mwaka 1947 Jeshi la Anga la Marekani lilitengwa na Jeshi la Nchi Kavu, na mwaka 1953 likaanzisha vikosi vyake lenyewe vya waongozaji.

MAFUNZO

Anayetaka kazi hii hufundishwa kwa muda wa miaka karibu miwili. Mpango wa mafunzo umebadilishwa mara kwa mara, lakini mambo yenyewe ni yale yale. Huanza katika kituo cha Lackland, Texas, ambako hujaribiwa mwili na moyo. Hukimbia, hubeba mizigo, na huogelea mita 25 chini ya maji kwa pumzi moja. Tena liko zoezi ambalo wanafunzi wawili majini hupewa mrija mmoja wa kupumulia, nao wapokezane, huku mwalimu akiwavuta na kuwasumbua. Atakayeshikwa na hofu akaung'ang'ania mrija na kumnyima mwenzake, hafai. Walio wengi hawafiki mwisho wa mafunzo haya.

Lakini lililonistaajabisha mimi si maji yale. Ni kwamba kijana huyo, pamoja na nguvu zake zote, hutakiwa aketi darasani kama sisi. Katika kituo cha Keesler, Mississippi, hujifunza mambo yale yale anayojifunza mwongozaji wa ndege wa uwanja wa raia: hali ya hewa, ramani, sheria za anga, umbali wa kutenga ndege na ndege, na namna ya kusema katika redio. Hufanya mtihani, na asipofaulu harudi kwenye miavuli kwa kuwa ana misuli. Hata akiwa hodari namna gani, asiyeweza kushika kichwani mahali zilipo ndege tano au sita kwa wakati mmoja hawezi kazi hii.

Mafunzo mengine hufanywa mahali mbalimbali. Huko Fort Benning, Georgia, hujifunza kuruka kwa mwavuli kwa majuma 3. Huko Fairchild, katika jimbo la Washington, hufundishwa kuishi porini bila msaada, na namna ya kujistahi akitekwa. Huko Pope, North Carolina, iko shule yenyewe ya waongozaji wa vitani. Huko Yuma, Arizona, huruka kutoka juu sana na kuukawiza mwavuli usifunguke mpaka akaribie chini. Huko Florida hujifunza kupiga mbizi, kisha hukamilisha mafunzo katika kituo cha Hurlburt Field. Tangu 2016 kazi hizi zimefunguliwa kwa wanawake pia, kwa mtihani ule ule.

Msomaji aweza kuuliza, kwa nini mtu mmoja afundishwe yote hayo? Jibu ni kwamba mahali panapotakiwa uwanja paweza kuwa jangwani, mlimani, au kisiwani, na njia ya kufika huko yaweza kuwa hewa au maji. Mwavuli kwake ni kama basi la kumfikisha kazini. Kazi yenyewe haijaanza bado.

KUPIMA NA KUWEKA TAYARI UWANJA

Akishafika, jambo la kwanza ni kuujua udongo. Ndege kubwa ya mizigo iitwayo C-130 yaweza kutua juu ya udongo mtupu, mahali penye urefu wa mita 1,000 hivi, lakini si kila udongo waweza kuichukua. Mkulima huingiza jembe lake shambani akajua kama mvua imeshika. Mwongozaji naye hufanya vivyo hivyo, ila yeye hutaka hesabu. Hutumia ufito wa chuma wenye ncha chini na nyundo ya kilo 8 inayoteleza juu yake. Nyundo huinuliwa sentimita 57 na nusu, ikaachwa ianguke. Kisha hupima ufito umezama kiasi gani kwa kila pigo. Ukizama sana, udongo ni laini na magurudumu yatazama. Ukizama kidogo tu, udongo ni mgumu. Hupima mahali pengi, maana penye upole pamoja tu panatosha kuvunja mguu wa ndege.

Baada ya hapo hutazama upepo, kwa kuwa ndege hutua ikielekea upepo unakotoka. Hutazama miti, vichuguu na mitaro, kisha huweka taa. Mpango mmoja wa taa wautumiao ni rahisi sana: taa 4 kwenye pembe za mstatili mahali ambapo magurudumu yapaswa kugusa, na taa 1 mbele kabisa mwishoni mwa uwanja. Rubani akiziona taa hizo 5 gizani ajua mwanzo, ajua mwisho, na ajua amenyooka au amepinda.

Mfano mzuri, ingawa una huzuni, ni ule wa jangwa la Iran mwaka 1980. Marekani ilikusudia kuwaokoa watu wake waliozuiliwa mjini Tehran. Wiki tatu hivi kabla ya siku yenyewe, Meja John Carney alipelekwa usiku kwa ndege ndogo mpaka jangwani. Alipima udongo, akachukua kidogo wa kuonyesha, akazika taa ambazo rubani angeweza kuziwasha kwa redio akiwa angani, kisha akaondoka. Usiku wa tarehe 24 Aprili ndege zilipofika, taa ziliwaka kama ilivyotakiwa. Lakini katika siku zile upepo ulikuwa umeleta vumbi laini juu ya udongo ule uliokuwa mgumu. Helikopta kadhaa ziliharibika, safari ikavunjwa, na wakati wa kuondoka helikopta moja iligonga ndege katika wingu la vumbi. Watu 8 wakafa. Carney alikuwa amepima kwa haki. Hata hivyo udongo uliopimwa mwanzo wa mwezi si lazima uwe ule wa mwisho wa mwezi, na kwa sababu hiyo waongozaji hupenda kupima tena.

KUSEMA NA RUBANI

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Rubani wa ndege ya vita aruka upesi sana, naye aona nchi nzima imetandazwa chini kama mkeka. Wote walio chini, rafiki, adui, na mama aliyejificha na watoto wake, kwa macho yake ni vidoto. Nani atamwambia kipi ni kipi?

Jumamosi moja sisi wanachama wa klabu ya Jiografia tulijaribu jambo hili hapa shuleni. Mmoja alisimama ghorofani, akawa kama rubani. Mwingine alisimama katika shamba la shule, naye alitakiwa amwelekeze wa juu kwenye mti mmoja tu, kwa maneno, bila kunyosha kidole. Wa chini akasema, "Ule mti mkubwa wa kushoto." Wa juu akauliza, "Kushoto kwako au kwangu?" Ikawa vicheko, na dakika kumi zikapita. Kisha mmoja wetu akaanza upya kwa utaratibu: "Waona bati refu la bwalo? Kutoka pembe yake ya mashariki, fuata njia nyeupe mpaka inapokata mfereji. Kutoka hapo hesabu miembe kwenda kaskazini. Nautaka wa tatu." Mti ukapatikana kabla hajanyamaza. Waongozaji wa vitani hufundishwa namna hiyo hiyo: kuanza na kitu kikubwa ambacho wote wawili wakiona, kisha kushuka mpaka kidogo, na kutotumia kamwe kushoto wala kulia bali kaskazini, kusini, mashariki na magharibi.

Tena wana utaratibu wa mistari 9, ambao husemwa kwa mpango ule ule kila mara. Mstari wa 1 ni mahali ambapo ndege itaanzia. Wa 2 ni mwelekeo wake kwa nyuzi za dira. Wa 3 ni umbali. Wa 4 ni kimo cha mahali panapolengwa kutoka usawa wa bahari. Wa 5 ni kueleza kitu chenyewe ni nini. Wa 6 ni mahali kilipo kwa hesabu za ramani. Wa 7 ni alama iliyowekwa, kama vile moshi. Wa 8 ni mahali walipo askari rafiki. Wa 9 ni njia ya kutokea. Rubani akishasikia, hapana ruhusa ya kusema "nimeelewa" tu. Ni lazima arudie kwa kinywa chake mwenyewe mstari wa 4 na wa 6, pamoja na masharti yoyote aliyopewa. Zisipolingana, husahihishwa na kurudiwa. Na hata zikilingana, haachi bomu mpaka mwongozaji amwambie kwa maneno maalum kwamba ameruhusiwa. Yeyote katika redio akiona hatari aweza kusema neno la kukomesha, na ndege huacha.

Katika redio herufi nazo zina majina, Alfa, Bravo, Charlie, na kadhalika, kwa sababu B na D na P husikika kama kitu kimoja penye kelele. Hata tisa ya Kiingereza huongezewa silabi isije ikasikika kama tano.

KOSA MOJA

Wako watakaoona utaratibu huu kuwa wa kuchosha. Basi nawasimulia yaliyotokea Afghanistan tarehe 5 Desemba 2001, karibu na mji wa Kandahar. Mwongozaji mmoja alikuwa na chombo kidogo kinachopokea ishara za setilaiti na kutoa hesabu za mahali. Alikuwa amekwisha kuingiza hesabu za adui. Betri ikaisha, akabadili. Chombo kilipowaka tena, kilionyesha mahali kilipo chenyewe, yaani mahali aliposimama yeye na wenzake. Hesabu hizo zikapelekwa kwa ndege iitwayo B-52, na bomu la kilo 900 hivi likaanguka katikati yao. Wamarekani 3 walikufa pamoja na Waafghani waliokuwa upande wao. Hamid Karzai, ambaye siku ile ile alichaguliwa kuwa kiongozi wa serikali ya muda ya nchi hiyo, aliumizwa kidogo. Chombo hakikuharibika, na ndege haikukosea shabaha. Bomu lilifika hasa mahali lilipoambiwa liende. Tangu nisome habari hiyo, nikisikia mtu akisema kwamba mashine itamfanyia kazi ya kufikiri, nakumbuka betri ile.

USHUJAA WAO

Isidhaniwe kwamba watu hawa ni wa hesabu tu. Huko Vietnam, tarehe 12 Mei 1968, kambi ya Kham Duc ilikuwa ikihamwa kwa ndege huku adui ameizunguka. Watu wote walipokwisha kuondolewa, waongozaji 3 walirudishwa kutazama kama yuko aliyesahauliwa. Hawakumkuta mtu, bali wao wenyewe wakabaki peke yao. Ndege moja ikatua kuwachukua, haikuwaona, ikaruka. Ndipo Luteni Kanali Joe Jackson akaishusha ndege yake chini ya risasi. Roketi moja ikaanguka mbele ya ndege, isipasuke. Hao watatu wakaingia mbio, na ndege ikaondoka kabla dakika moja haijatimia. Jackson alipewa Nishani ya Heshima, iliyo kubwa kuliko zote za vita huko Marekani. Nishani hiyo hiyo ilitolewa mwaka 2018 kwa ajili ya mwongozaji John Chapman, aliyekufa mlimani Takur Ghar, Afghanistan, tarehe 4 Machi 2002.

Hata katika pwani hii ya Bahari ya Hindi kazi hii imefika. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Oktoba 1993, mjini Mogadishu, mwongozaji Jeffrey Bray alizielekeza helikopta zipige karibu sana na wenzake waliozingirwa bila kuwapata wao. Alipewa Nyota ya Fedha. Lakini haki yataka tuseme pia kwamba Wamarekani 18 walikufa katika mapigano yale, na Wasomali walikufa kwa mamia, wengine wao wasio askari. Mwongozaji aweza kusema mistari yake 9 bila kosa, na bado vita vikabaki kuwa vita.

KAZI ILE ILE BILA BUNDUKI

Kwa hiyo katika habari zao zote mimi naipenda zaidi ile ya Haiti. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa la ardhi lilibomoa mji wa Port-au-Prince. Kwa hesabu ya serikali ya huko, watu zaidi ya laki mbili walikufa. Nchi nyingi zikaleta madaktari, chakula na dawa, lakini uwanja wa ndege ulikuwa na njia moja tu ya kurukia, na mnara wa kuongozea ndege ulikuwa umeharibika. Ndege zilijaa angani na hapana wa kuzipanga. Siku ya pili yake waongozaji wa vitani kutoka Hurlburt Field wakatua, chini ya mkubwa wao Antonio Travis. Baada ya dakika 28 walikuwa wameshaanza kazi, mnara wao ukiwa ni meza ndogo kando ya majani, na redio za mkononi. Katika siku zilizofuata ndege ilitua au kuruka kwa wastani kila dakika 5 hivi, mchana na usiku, na msaada ukashuka. Yote waliyojifunza kwa ajili ya vita, yaani kufika kwanza, kupima, kupanga na kusema wazi, yalitumika kuokoa watu.

NENO KWA WENZANGU NA WAZAZI

Wenzangu wengi huuliza hesabu za pembe na nyuzi zitatufaa nini, na kwa nini mwalimu wa Jiografia atusumbue na latitudo na longitudo wakati simu yaonyesha njia. Naona jibu limekwisha kupatikana humu. Na wazazi wasiogope kwamba nawavuta watoto wao waende vitani. Uongozaji wa ndege ni kazi ya amani pia. Hapa kwetu Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ina chuo chake Dar es Salaam, ambako waongozaji wa viwanja vyetu hufundishwa, na mimi nimejiwekea nia ya kuomba nafasi huko nikimaliza masomo.

Mpaka wakati huo, liko jambo moja ambalo sote twaweza kuanza nalo kesho darasani, kiwandani na nyumbani. Tukiagizwa neno lenye maana, tulirudie kwa aliyetuagiza kabla hatujaondoka. Si aibu kurudia. Marubani wenye ndege za thamani kubwa hurudia, na watu walio chini wamesalimika kwa sababu hiyo.